Njoo na Vitabu

Nawaandikia watu wa mimbari: makatekista, wainjilisti, wachungaji, mapadre, na wewe kijana wa kwaya unayesikia wito ukikugongea na kujifanya umelala. Naandika kutoka Amani, juu huku Usambara Mashariki, ambako ukungu umeingia mpaka sebuleni na mfenesi ulio mbele ya dirisha langu hauonekani. Watu wa Muheza na Tanga hutucheka kwa masweta yetu. Wacheke. Aliyewahi kulala Amani mwezi wa Julai ndiye atakayelielewa upesi andiko ninalolihubiri leo.

Andiko lenyewe ni dogo, wengi hulipita bila kusimama. Limo katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 4, mstari wa 13. Mzee Paulo yuko kifungoni. Rafiki mmoja amemkimbia kwa kuipenda dunia, wengine wametawanyika huku na huku, aliyebaki naye ni Luka peke yake. Anajua kabisa kwamba hatoki hai. Na mtu huyu haagizi wakili wala fedha. Anaagiza vitu vilivyobaki Troa, nyumbani kwa mtu aitwaye Karpo: joho lake, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Mistari michache mbele anamhimiza Timotheo afike kabla ya majira ya baridi.

Basi, ndiyo hayo tu. Mzee anasikia baridi na anataka kusoma.

Jamani, huyu ndiye aliyesimulia kwamba alinyakuliwa mpaka mbingu ya tatu! Huyu ndiye aliyewatungia Warumi waraka ambao maprofesa wameutolea jasho kwa karne na karne bila kuumaliza. Kama kuna mtu duniani aliyekuwa na haki ya kusema, "Mimi sasa inatosha, ninachokijua kinanifikisha kaburini," ni yeye. Naye anataka vitabu. Wewe uliyehudhuria semina ya wiki mbili ukapewa cheti chenye muhuri, umemaliza nini?

Nisijitoe. Nilipokuwa kijana nililihubiri andiko hilihili katika kanisa moja la pwani. Nililipamba lile joho kama joho la bwana harusi wa Pangani: jeusi, tarizi ya dhahabu kuanzia shingoni mpaka kwenye pindo, udi ukifuka. Nikasema ni joho la upako. Nikapaza sauti: joho la upako limebaki Troa, nani atanirudishia joho langu? Watu walisimama, akina mama walipiga vigelegele, kapu la sadaka lilijaa. Nilishuka mimbarini nikijiona mtu mkubwa sana. Nje, chini ya mwembe, alikaa padre mmoja mstaafu mwenye mkongojo. Akaniita kwa kidole.

"Shikamoo, Padre."

"Marahaba, mwanangu. Umehubiri kwa nguvu. Lile joho umelinunua duka gani?"

Sikumwelewa. Akatoa mkobani kitabu kidogo kilichochakaa jalada, kimejaa herufi nisizozijua, akaweka ukucha juu ya neno moja. Akaniambia hilo ni vazi zito la safari, halina mikono, lina tundu la kupitishia kichwa; vazi la mtu wa njiani, wa mvua na vumbi. Halina tarizi. "Yule mzee alikuwa anatetemeka kwa baridi, mwanangu, nawe umempa nguo ya harusi."

Hakusema zaidi. Alinipa mkono, akaondoka. Mimi sikulala usiku ule, na aliyenikosesha usingizi si yule mzee wa kifungoni. Niliwafikiria wale watu waliopiga vigelegele. Walikuja na njaa, nikawalisha harufu ya udi.

Mtaniambia kosa ni la mfasiri aliyeandika "joho". Hapana. Mfasiri alihitaji neno moja la vazi refu la juu, akachagua ambalo watu wa pwani walikuwa nalo. Alifanya kazi yake. Asiyefanya kazi yake ni mimi, niliyelikuta neno mlangoni nikalivika nilivyotaka, bila kuuliza limetoka wapi na lilivaliwa na nani.

Tena mtazame mstari uleule unavyowapa kazi wasomi. Neno tulilozoea kulisoma "hasa", kwa Kiyunani ni malista. Mwaka 1979 mtaalamu wa miswada wa Uingereza, T. C. Skeat, alikusanya barua za kale za watu wa kawaida zilizoandikwa kwenye mafunjo, akaonyesha kwamba neno hilo mara nyingine hubeba maana ya "yaani". Kama ni hivyo, mzee haagizi marundo mawili, vitabu na vile vya ngozi. Anaagiza rundo moja na kulifafanua: vile vitabu, yaani vya ngozi. Nalo neno la "vya ngozi", membranai, Wayunani walilikopa kwa Warumi kama sisi tulivyokopa shule kwa Wajerumani. Kwa Warumi lilitumika hata kwa daftari za ngozi za kuandikia kumbukumbu. Je, mzee aliagiza Maandiko ya manabii, au daftari zake mwenyewe? Bado wanabishana. Na mimi nawaambia ubishi wa namna hiyo una baraka kuliko maelfu ya "Amina" zinazotoka kwa watu wasiojua wanaitikia nini.

Sasa nitasema jambo litakalowakera baadhi yenu. Wasomi wengi wa leo wanaona kwamba nyaraka za Timotheo na Tito, kwa msamiati na mtindo wake, hazikuandikwa na Paulo mwenyewe, bali na mwanafunzi aliyeandika kwa jina lake. Wengine wanakataa, wanasema mzee alikuwa na mwandishi na mambo yalikuwa yamebadilika. P. N. Harrison, katika kitabu chake cha 1921, alishika njia ya katikati: waraka kwa jumla si wa Paulo, ila ndani yake mna vipande vya barua zake halisi, na mstari huu wa joho aliuhesabu miongoni mwa vipande hivyo. Kwa nini nakuambia haya hapa, kwenye mahubiri? Kwa sababu kijana wako utakayempeleka chuoni atayakuta muhula wa kwanza. Asipokuwa ameyasikia kwako, wewe unayempenda, atadhani ulimficha, naye atatupa joho na vitabu pamoja. Imani inayolindwa kwa kufunga madirisha hufa kwa kukosa hewa.

Na sisi hasa, watu wa mwambao huu, hatuna udhuru. Vitabu vyetu vilikuja kwa gharama. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa, na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Mwaka huohuo pia akaanza kufasiri kitabu cha Mwanzo. Aliketi na nani? Na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohiddin. Miaka ishirini baadaye Edward Steere alifika Unguja, akakuta Sheikh Abdulaziz al-Amawi, kadhi mzaliwa wa Barawa, yuko tayari kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili fasaha. Likumbuke hilo siku unapotaka kumrushia jirani yako Mwislamu maneno kwa kipaza sauti. Kurasa za mwanzo za Maandiko yetu zilipitia mikononi mwa makadhi.

Steere alisimamisha kiwanda kidogo cha uchapaji, na waliopanga herufi za risasi walikuwa vijana waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Fikiria hapo kidogo. Mtoto aliyeuzwa kwa vitambaa na shanga, anapanga herufi moja moja za Injili, kinyumenyume, kama uchapaji ule ulivyotaka. Steere alifariki 1882. Agano Jipya zima likatoka mwaka uliofuata, na Biblia nzima 1891. Wakati huo Magila, hapo chini karibu na Muheza, wamisionari walikuwa wameshakaa tangu miaka ya 1860, wakijifunza Kibondei kwa watoto na wazee. Upande wa pili wa milima, kwa Washambaa, alifanya kazi Karl Roehl wa misheni ya Bethel. Alichapisha sarufi ya Kishambaa mwaka 1911, kisha pamoja na Waafrika wawili, Martin Nganisya na Andrea Ndekeja, akafasiri upya kwa Kiswahili: Agano Jipya 1930, Biblia 1937. Roehl alitaka kuyang'oa maneno ya Kiarabu na kupanda ya Kibantu. Binafsi naona alikosea, maana Kiswahili ukikikwangua Kiarabu kinatoka damu. Lakini ni kosa la mtu aliyekesha juu ya kila neno, na makosa ya namna hiyo nayaheshimu. Halafu likaja Agano Jipya la Union mwaka 1950 na Biblia yake 1952, hii ambayo bibi zetu waliifunga kwenye kanga wakienda ibadani.

Wao walikesha. Sisi je?

Mlima huu wenyewe una historia ya kusoma. Mwaka 1947 Walutheri walifungua darasa la theolojia Lwandai, kule Mlalo, kabla halijahamia Makumira mwaka 1954. Waanglikana nao walikuwa na chuo chao Hegongo, jirani na Magila. John Sepeku, askofu mkuu wa kwanza wa Waanglikana wa Tanzania mwaka 1970, alitoka Bonde hili hili. Watu waliotembea kwa miguu kutoka Lushoto hadi Korogwe walijifunza Kiyunani kwa taa ya chemli. Leo tuna umeme, na ukimtajia mhubiri alfa na omega anadhani unamtajia jina la basi.

Niwatie wivu kidogo, na wivu mwingine ni wa halali. Pita Tanga mjini alasiri, barabara yoyote, au shuka Pangani. Utasikia sauti za watoto wa madrasa. Mtoto wa miaka sita, meno ya mbele yameng'oka, anasoma Kitabu chake kwa lugha kilichoandikwa. Hajui bado maana ya kila neno, lakini kesho yuko mwalimu wa kumfundisha, na baada ya mwalimu yuko shekhe wa tafsiri, na baada ya shekhe kuna vitabu vya rafu nzima. Hakuna anayemwambia yule mtoto, "Kiarabu kitakuzimia imani." Basi kwa nini mchungaji wangu, mtu mzima mwenye ndevu, akitajiwa Kiyunani anajibu kwamba Roho Mtakatifu anatosha? Kanoni Godfrey Dale wa misheni ya Vyuo Vikuu alijifunza Kiarabu kiasi cha kuifasiri Kurani kwa Kiswahili, ikachapwa 1923. Sikubaliani na kila aliloandika pembeni, lakini alikisoma Kitabu cha jirani katika lugha yake. Sisi chetu wenyewe hatujakisoma katika lugha yake!

Nanyi msiiogope lugha hiyo, kwa sababu mnaisema tangu utotoni. Bibi wa Kibondei anapomtaja askofu anasema Kiyunani: episkoposi, msimamizi, mwenye kuangalia kazi, likapita kwa Waarabu likafika kwetu na jahazi. Anapotaja Injili, ni euangelioni, habari njema, limepita njia ileile. Hata Ibilisi tunayemkemea kila Ijumaa kwenye mkesha, wataalamu wengi wanasema ni diabolosi, msingiziaji, aliyevaa kanzu ya Kiarabu. Nusu ya Kiyunani cha kanisani kimo mdomoni mwako tayari. Kilichobaki ni kukijua.

Nataka mwone kwa mfano mmoja kusoma kunafanya nini kwa mtu anayehubiri. Fungueni Marko, sura ya 1, mwenye ukoma anapopiga magoti. Biblia zetu zinasema Yesu alimhurumia. Neno la Kiyunani limetokana na splangkna, yaani maini, moyo, matumbo, vitu vya ndani. Mswahili husema fulani amenikata maini. Huruma hiyo hapo ni ya namna hiyo, inayokata ndani, wala si ile ya kutikisa kichwa na kusema "pole" huku unatazama saa. Hilo peke yake ni hubiri. Lakini ngojeni. Kuna kitabu cha kale cha ngozi kinachoitwa Kodeksi Beza, kimehifadhiwa Cambridge, cha karne ya 5 hivi. Kitabu hicho mahali hapo hakisemi alihurumia. Kinasema alikasirika. Vitabu vichache vya Kilatini cha kale vinakiunga mkono.

Umeona? Alikasirika! Mbele ya mgonjwa aliyepiga magoti! Wataalamu wakaulizana: mnakili yupi angebadilisha nini? Ni rahisi kumwona mnakili mcha Mungu akilainisha hasira ikawa huruma. Ni vigumu kumwona akigeuza huruma iwe hasira. Tena Mathayo na Luka wanaposimulia kisa hicho hawataji huruma wala hasira, kama watu waliokutana na neno gumu wakaliruka. Kwa upande mwingine, miswada iliyo mingi, na baadhi yake ya zamani zaidi, inashika huruma. Chagua unavyoona baada ya kupima. Mimi hupenda kukaa na hasira ile kwa muda, nikajiuliza: alikasirikia nini? Ugonjwa? Watu waliomfukuza mwenzao kijijini? Lile neno "ukitaka", kana kwamba Mungu angeweza kutotaka? Nimewahi kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa ambaye ndugu zake walimwambia amelaaniwa. Huruma nilikuwa nayo. Nilichokikosa kwa muda mrefu ni ruhusa ya kukasirika. Nimeipata kwenye ukurasa wa ngozi uliokaa Cambridge.

Huo ndio usomi ambao mnaambiwa unazima moto.

Najua mtakavyojibu, nimeyasikia yote. Mmoja atasema Bwana aliahidi kutupa la kusema saa ileile. Rudi ukasome, ndugu. Ahadi ile alipewa mtu aliyeburutwa mbele ya maliwali na wafalme, mikono imefungwa. Hakupewa mtu aliyekuwa na wiki nzima ya kujiandaa akaimaliza kwenye kijiwe cha kahawa. Mwingine atasema andiko huua. Paulo aliyeandika hayo aliandika, na alikuwa amesoma miguuni pa Gamalieli. Mwingine atanong'ona kwamba elimu hii ni ya Wazungu. Ee! Orijene aliyepanga Agano la Kale katika safu sita ili alinganishe neno kwa neno alikuwa mtu wa Aleksandria. Athanasio, aliyeandika katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367 orodha ya vitabu 27 tunavyoviita Agano Jipya, alikuwa askofu wa mji huohuo. Karibu na Adwa, Ethiopia, katika monasteri ya Abba Garima, watawa wametunza Injili za Kige'ez zilizoandikwa juu ya ngozi ya mbuzi, na vipimo vya kaboni vimeziweka kati ya karne ya 4 na ya 7. Zimekaa hapohapo, hazikwenda Ulaya. Na yule towashi wa Kushi katika Matendo sura ya 8, aliyekuwa akisoma Isaya garini kwenye njia ya Gaza? Filipo alipomuuliza kama anaelewa anachosoma, hakujifanya. Alijibu kama mtu aliyesoma kweli hujibu: nitawezaje, pasipo mtu wa kunieleza? Akamkaribisha apande. Mwafrika wa kwanza ambaye ubatizo wake unasimuliwa katika kitabu kile alikutwa na kitabu mkononi.

Lakini nisije nikawapendeza wasomi kupita kiasi, kwa maana nao nina neno nao.

Hapa Amani Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe mwaka 1902. Walikusanya majani, wakayakausha, wakayabandika kwenye karatasi, na kila jani likaandikiwa limechumwa wapi, siku gani, na nani. Waingereza wakaendelea, na mwaka 1950 makusanyo hayo yakahamishiwa Nairobi. Nawapenda watu wale kwa uangalifu wao. Jani lisilo na anwani hawakulikubali, hata liwe zuri namna gani. Laiti wahubiri wetu wangeukataa mstari usio na anwani! Mstari uliochumwa Yeremia, ukabandikwa kwenye kalenda, ukapelekwa harusini, hakuna anayeuliza uliandikiwa watu gani walioko uhamishoni kwa miaka 70.

Walakini jani kavu halitibu mtu. Kati ya miti iliyopandwa hapa ulikuwamo mti wa kwinini. Vita vya kwanza vya dunia vilipofunga bahari, dawa hazikuingia tena, na homa ikawa inaua kuliko risasi, magome ya mti ule yakavunwa hapa Amani, yakatengenezwa dawa. Miaka ya kupima, kuandika na kulinganisha, ambayo mtu wa nje angeiona ni mchezo wa majani, iligeuka kidonge mkononi mwa mgonjwa. Wewe mwenye shahada, unayeweza kutaja tofauti za miswada kwa namba, umemtembelea mgonjwa lini? Umekaa lini matangani mpaka usiku? Ukijua kwamba Kodeksi Beza inasema alikasirika, nawe hujawahi kukasirika kwa ajili ya mtu yeyote, kwinini yako imebaki mtini.

Mzee wa kifungoni aliagiza vyote, joho na vitabu. Mwili ulimwuma kwa baridi, akili ilimwuma kwa njaa, na hakuona aibu kwa lolote kati ya hayo mawili.

Sasa basi. Sikuambii uuze shamba la iliki uende Oxford. Kitabu cha Sinai, ambacho nacho ni cha ngozi, cha karne ya 4, chenye Agano Jipya lote, kimewekwa chote kwenye intaneti tangu 2009. Kinatazamwa bure. Bando unalolimaliza kwa klipu za nabii anayekanyaga watu mgongoni linatosha kukupeleka kwenye ukurasa ambao waandishi wake waliuinamia mstari kwa mstari. Herufi za Kiyunani ni 24. Jifunze moja kila siku. Mwezi ukiandama leo, kabla haujafa utakuwa umezimaliza. Weka Biblia tatu mezani: ya Union, ya Habari Njema, na ya lugha ya mama yako kama ipo. Zinapotofautiana, simama hapo. Hapo ndipo kuna kitu. Halafu mtafute mtu. Kuna padre mstaafu kijijini kwako mwenye kitabu kilichochakaa jalada, hakuna aliyemwomba akifungue kwa miaka. Mpelekee sukari, mwamkie, kaa chini. Wewe mzee wa kanisa unayeshika fedha, mwaka huu badala ya spika kubwa zaidi nunua kamusi moja ya Kiyunani, mmpe mhubiri wenu, kisha Jumapili mkae mbele mumsikilize kama ameifungua.

Mimi ninaye mwanafunzi mmoja tu kwa sasa, kijana wa Kwamkoro, anachuma chai asubuhi. Hupanda kwangu Jumatano jioni. Tuko Marko sura ya 4. Kiti cha tatu kipo, na chai ipo ya kutosha. Ukija, njoo na vitabu, na joho usilisahau. Huku kuna baridi.